Walikata Jiko la Mama

Tulibandika picha 41 kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa hapa Bweyale, kwa selotepu iliyokuwa inaachia kila upepo ukiingia. Zote zilikuwa za Busia na Tororo. Tulikuwa tumeenda huko siku tatu, watu tisa, na simu zetu pamoja na kamera moja ya kuazima. Tulirudi tumechoka, kila mtu akiamini ako na picha moja kali kuliko za wenzake. Jumamosi hiyo kazi ilikuwa kuzikosoa mbele ya wenyewe, bila kuoneana haya.

Mimi ndiye niliambiwa niongoze. Sababu yao ni kwamba nimefanya kazi miaka minne katika studio ya picha za paspoti, hapa kando ya barabara ya Gulu. Niliwaambia hiyo si sanaa. Mteja anakaa kwa kiti, nyuma yake shuka nyeupe, unamwambia toa kofia, masikio yaonekane, usicheke, tayari. Lakini kuna kitu kimoja hiyo kazi inakufundisha: kuangalia pembe za picha kabla ya kuangalia katikati. Bega likikatwa, fomu inarudishwa, na fomu ikirudishwa ni nauli tena na siku nyingine ya kupanga foleni. Kwa hivyo macho yangu yanaanzia pembeni. Nauliza kwanza kimekatwa nini.

Tukaanza na malori.

Picha 12 zilikuwa za malori ya Busia. Malori ya jua la jioni, malori ya mvua, malori yakionekana kwenye kioo cha pikipiki. Zilikuwa safi. Foleni ndefu inanyooka vizuri kwa picha, inaongoza jicho hadi mbali, na mtu akiipiga anajiona fundi. Nikawaambia, hebu tuangalie pembeni. Hakuna mtu. Picha 12 na hakuna hata mmoja anayeuza kitu.

Sasa wewe msomaji kama umewahi kufika Busia unajua hilo haliwezekani. Dereva akingoja, kuna mtu anamuuzia. Kuna mama wa chai, kuna wasichana wa mayai ya kuchemsha na kachumbari, kuna kijana wa maji, kuna wabadilisha pesa wenye mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi na hesabu kichwani. Ile foleni ni soko. Sisi tulisubiri watu wapite ndio tupige, tukidhani wanatuharibia picha.

"Hizi si picha za Busia," nikasema. "Ni picha za magari." Wenyewe walinung'unika lakini walikubali. Tulibakisha moja, ile ya mvua, kwa sababu chini kabisa kuna mkono unapitisha kikombe kwa dirisha la lori. Aliyeipiga hakuwa ameuona huo mkono.

Halafu kulikuwa na picha sita za mpaka wenyewe. Kila mmoja wetu alitaka kupiga ule mstari, na mstari hauonekani. Kuna geti, kuna uzio, kuna jengo, kuna askari anayekwambia weka simu mfukoni, na ana haki, hiyo sehemu haipigwi ovyo. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Februari 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni, anayevuka anamalizia karatasi za nchi zote mbili upande ule anaoingia, kwa hivyo hata ule mwendo wa zamani, wa kutoka dirisha la nchi moja hadi dirisha la nyingine, umepungua. Na ni mwendo huo uliozaa neno ambalo sasa liko kila mahali. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu kutoka kituo kimoja hadi kingine, wakiita wateja, "Boda! Boda!" Leo hapa Bweyale tunasema boda kama tumezaliwa nalo.

Mji ni mmoja na jina ni moja pande zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza walichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauhamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya, na mpaka ukasogea hadi huku. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso hivyo hivyo. Huko sokoni mtu anaanza bei kwa Kisamia, anakasirika kwa Kiswahili, anamaliza kwa Kiganda. Hapa Uganda kuna watu bado wanaona Kiswahili ni lugha ya askari, lakini Busia ni lugha ya nyanya na vitunguu. Ndio maana picha zetu sita zilikuwa tupu. Tulikuwa tunatafuta mahali nchi mbili zinatengana, na watu wa pale wanafanya kazi kutwa nzima ya kuziunganisha.

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka. Kicheko kiliisha tulipofika picha ya mzee wa baiskeli.

Wale wanaoijua Busia wanajua kuna wafanyabiashara wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Mdogo wetu mmoja, kijana kutoka Juba, alimpiga mmoja wao. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, imepigwa kutoka juu, inaonyesha uso wenye jasho na miguu iliyokonda. Chini alikuwa ameandika kwa kalamu, "Mapambano." Kila mtu alinyamaza. Wawili walisema hii ndiyo picha bora ya ukuta mzima.

Nikamuuliza, "Alikuwa amebeba nini?"

Akasema hajui.

"Hujui vipi na ulikuwa umesimama hapo?"

Akatoa simu, akatafuta ile ya kwanza, kabla hajaikata na kuitoa rangi. Tukaipitisha mkono kwa mkono. Jamani. Kumbe nyuma ya yule mzee kulikuwa na katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya kupikia, yamepangwa hadi juu ya kichwa chake, yamefungwa kwa mpira wa tairi, fundo safi kabisa. Kijana mmoja anasukuma kwa nyuma, wa kuajiriwa. Na mzee mwenyewe alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mdomo wazi, anagombana na mtu kuhusu pesa. Unaweza kuona kabisa ni pesa. Huyo ni tajiri na mfanyakazi wake. Sisi kwa ukuta tulikuwa tumebandika miguu yake.

Kijana akajitetea. Akasema, "Dada, ile nzima ina vitu vingi, mtu hajui aangalie wapi." Na kwa ufundi hakuwa amekosea, picha ya kwanza ilikuwa imejaa. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kupandwa na hasira ambayo haikuwa yake, na nikaona ni haki niwaambie inatoka wapi.

Sisi tulivuka Malaba mwezi wa kwanza mwaka 2008. Tulikuwa tunaishi Turbo, upande wa Eldoret, na wenye wanakumbuka ule uchaguzi wanajua siku zile zilikuwaje, sitaeleza hapa. Nilikuwa na miaka kumi. Maelfu ya Wakenya walivuka kwa Malaba na Busia, na wengi wetu tukapelekwa Mulanda, ndani ya Wilaya ya Tororo, kwenye mahema. Baadaye tukahamishiwa Kiryandongo huku, na wengine wetu hatujatoka.

Kama mwaka mmoja na nusu baada ya kufika, jirani alituletea kalenda. Ilikuwa ya shirika fulani, jina lake naliacha. Mwezi wa nane ulikuwa ni mama yangu. Ameinama, mkono uko kwenye paji la uso, nyuma yake hema na matope. Chini kuna maneno ya Kiingereza, ya kusema huyu mwanamke amepoteza kila kitu.

Mama aliiangalia kwa muda mrefu. Tulidhani atalia. Akasema, "Walikata jiko langu."

Hakuwa anasema kitendawili. Siku ile alikuwa anapika mandazi ya kuuza. Wiki ya tatu tu Mulanda, mama mmoja Mpadhola wa hapo kijijini alikuwa amemkopesha unga na mafuta, akamwambia utanilipa ukiuza. Mafiga matatu yalikuwa pale miguuni pake, sufuria ya mafuta juu, karai la mandazi kando. Mkono ulikuwa kwenye paji la uso kwa sababu ya moshi. "Hata huyo wa kamera alikula mawili," mama akasema. "Alilipa, sitamsingizia." Kwa hivyo yule mtu alijua. Alisimama mahali anaweza kunusa mandazi, akasogeza kamera juu kidogo, jiko likatoka, deni likatoka, yule mama Mpadhola na roho yake nzuri akatoka, tukabaki na mwanamke ameshika kichwa.

Tangu siku hiyo mimi picha naijua kwa njia hiyo. Picha mbaya inakata kazi ya mtu na kubakiza shida yake. Mwanga mbaya unasameheka, hata mkono uliotikisika unasameheka.

Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu kwa muda, halafu yule kijana wa Juba akauliza swali ambalo nilistahili kuulizwa. "Na kama wangeonyesha mandazi, nani angetuma blanketi?" Akamtaja Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyezaliwa Nairobi. Oktoba 1984 alirekodi njaa ya Korem kule Ethiopia, dunia ikaona, na chakula kikaenda. Hakupiga watu wanauza mandazi.

Ni kweli. Sitaki kuandika hapa kama mtu asiyekula mahindi ya msaada. Nimeyakula, na inawezekana yalifuata picha kama ile ya mama. Korem watu walikuwa wanakufa kweli, na kamera ilikuwa inasema kweli. Nikamjibu hivi: picha ya shida ni kama king'ora cha gari la wagonjwa, kinalia kwa sababu mtu anakufa sasa. Lakini mzee wa Busia hakuwa anakufa. Alikuwa kazini. Ukipiga king'ora kwa mtu ambaye ako kazini, unamfanya mgonjwa. Na baada ya king'ora kulia miaka mingi, watu wa mbali wanadhani nchi nzima ni wodi. Kijana alisema amesikia. Hakusema amekubali. Lakini picha nzima, yenye katoni, ndiyo aliipeleka kuchapishwa wiki iliyofuata, na ndiyo mtakayoiona humu. Yale maandishi ya "Mapambano" aliyatoa mwenyewe.

Tororo ilitupa shida nyingine.

Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi 1997, na ukisafiri kati ya miji hiyo miwili ni mwendo mfupi tu, lakini kwa kamera ni dunia mbili. Busia kila kitu kinakusogelea. Tororo kitu kimoja kinakaa mbali na kukuita, nacho ni ule Mwamba. Ni shina la volkano ya kale, kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na hakuna barabara ya mjini ambayo hauchunguliii kichwa. Tulikuwa na picha tisa za Mwamba. Tisa, na moja ni yangu.

Yangu ilikuwa mbaya kuliko zote, na nilisema hivyo kabla mtu mwingine hajasema. Nilikuwa nimeipiga nikiwa na moyo mzito. Mwamba ndio kitu cha kwanza nakumbuka cha Uganda, nikiwa juu ya lori kutoka Malaba, nikimuuliza mama kama kuna watu wanaishi kule juu. Kwa hivyo niliposimama tena pale, nilipiga ule mwamba wa utotoni. Na ukiangalia pembe za ile picha, kuna mawingu, majani, basi. Ili niupate peke yake ilibidi nikipe mgongo kiwanda cha saruji, ambacho kimekuwa Tororo tangu miaka ya 1950, na reli pia, ile ya kutoka Mombasa iliyofika Kampala mwaka 1931 ikipitia hapo Tororo, na kuachana na njia ya Mbale na Soroti. Mji ulijengwa na hao watu wa mifuko ya saruji na wa reli. Mimi nikapiga jiwe. Kwa kipimo changu mwenyewe nilikuwa nimekata kazi, na safari hii hata shida sikubakiza.

Halafu tukafika kwa picha ya Yaya.

Yaya ni mkubwa wetu kidogo, ni Mkongo wa upande wa Mahagi. Kwao yaya ni dada mkubwa, na kwetu Kenya yaya ni mtu wa kulea mtoto. Mara ya kwanza nilicheka, sasa nimezoea. Yeye alipiga maduka ya zamani ya Wahindi pale Tororo. Baraza ndefu, nguzo, rangi imechunika, mlango wa mbao umefungwa. Kivuli kizuri. Nikaanza wimbo wangu. Nikamwambia, "Yaya, kwenye hiyo baraza si kulikuwa na fundi cherehani?"

"Alikuwa," akasema. "Nilingoja aende kula."

Watu wakaangua kicheko, nikaona nimemshika. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema, kwa ile sauti yake ya pole, "Miye nilitaka bale benye balifukuzwa baonekane. Fundi akikuwa pale, baona fundi tu. Bale banapotea."

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke Uganda. Wenye kujenga zile baraza, wenye kuzifagia asubuhi na kufungua hiyo milango, waliondoka na masanduku. Walikuwa wakimbizi kabla yetu, na walikimbia wakitoka katika nchi hii ambayo sisi tumekimbilia. Yaya aliona mlango uliofungwa akamuona mtu. Mimi niliona mlango uliofungwa nikaona uzembe.

Sikuwa na jibu, na bado sina lote. Nimefikiria sana ule mkusanyiko wa picha za serikali ya miaka hiyo ya Amin, makumi ya maelfu, uliokaa umefichika katika shirika la utangazaji la taifa hadi baadhi yake zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, mwaka 2019. Zilipigwa na wapiga picha wanaojua kazi yao. Kuna mikutano, sherehe, na kazi nyingi sana za kila aina. Kwa kipimo changu cha mandazi zingepita vizuri. Na waliochukuliwa usiku hawamo. Kwa hivyo picha inaweza kujaa watu walio kazini na bado iwe imekata jambo kubwa. Na picha tupu, ikipigwa na mtu anayejua ni nani hayupo, inaweza kuwa imejaa. Picha ya Yaya tuliiacha ukutani. Nilimuomba tu aandike chini mwaka 1972, ili msomaji asidhani ni duka bovu.

Kuna picha moja nyingine ambayo ninapaswa kuisema, kwa sababu niliiagiza mwenyewe.

Wawili kati yetu ni raia wa Uganda, wana vitambulisho, na wao walivuka wakaenda upande wa Kenya, hadi Marachi. Mimi nilibaki. Ile karatasi ya kusafiria ya mkimbizi inakupeleka nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Nilikaa kwa mama wa chai upande wa Uganda, nikiangalia paa za upande wa pili. Kutoka pale unasikia redio zao. Niliwaambia wale wawili, nipigieni mtu anauza mandazi. Mtu yeyote. Wakaniletea bendera. Bendera ya Kenya, imepeperuka vizuri, anga la buluu nyuma. Walidhani wamenipa zaidi ya nilichoomba, na niliwashukuru, si makosa yao. Ila mimi bendera naijua. Nilikuwa nataka kuona kama siku hizi mandazi ya kule bado yanakatwa pembe tatu au wameanza kuyakata mraba kama ya hapa.

Sasa picha ya 41.

Ilikuwa ya mdogo kuliko wote, msichana ambaye hata hakutaka kuibandika, alisema imetikisika. Aliipiga alfajiri, kwenye njia ya panya, nyuma ya nyumba. Mama mmoja amebeba mfuko wa sukari kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umekusanya leso ili isiloane, mguu uko hewani anaruka mtaro. Shingo imenyooka. Unaona uzito wa mfuko na unaona kwamba ameuzoea. Unaona majengo, moshi wa asubuhi, na upande wa pili mtu anamngoja. Hakuna kilichokatwa. Kila kitu nilichokuwa nadai tangu asubuhi kilikuwa mle ndani. Nilisema kwa sauti, hii ndiyo, hii ndiyo tunaweka mbele ya jarida.

Yaya akasimama, akaenda karibu, akaangalia. Akarudi, akakaa. "Uso iko wazi," akasema.

Yeye amefanya biashara ya mpakani huko kwao Mahagi, anajua. Akatuambia ukiweka picha hii mahali watu wanaona, huyo mama hatalipia mfuko mmoja, atalipia mifuko yote ambayo wanafikiri amebeba tangu aanze. Nikasema basi tukate kichwa, tubakize mikono, mfuko na miguu. Nilisikia vibaya nikisema hilo neno, tukate, lakini nilidhani safari hii mkasi utakuwa heshima. Yaya akatikisa kichwa. Akasema watu wa soko hawajuani kwa sura peke yake. Wanajuana kwa kitenge, kwa viatu, kwa namna mtu anavyobeba. Askari wa pale pia wanajua.

Msichana alikuwa ananiangalia. "Sasa nifanye nini," akaniuliza, "na umesema tusikate kazi ya mtu?"

Nilitamani kumpa jibu la mwalimu. Kitu nilichoweza kusema ni kwamba mama yangu jiko lake lilikuwa halali, alitaka lionekane, na mtu akalificha. Huyu mama kazi yake anaificha mwenyewe, kwa sababu zake, na sisi tukaionyesha. Kosa linaweza kuwa ni moja: hakuna aliyewauliza. Hata sisi, watu ambao tumepigwa picha kwenye foleni za kila aina tangu tukiwa watoto, siku tatu Busia na Tororo tulipiga mamia ya picha, na nikihesabu watu tuliowaomba ruhusa, vidole vya mikono vinatosha na kubaki.

Kwa hivyo picha hiyo haimo humu, na msiitafute. Msichana aliifuta kwa simu yake mbele yetu. Ilibaki ile moja iliyochapishwa, na hiyo alikataa kuichana. Anasema akirudi Busia atamtafuta yule mama ampe mkononi, aamue mwenyewe kama ni ya kuweka kabatini au kuchoma. Njia anaikumbuka, jina hajui.

Kwa sasa iko studio kwangu, ndani ya bahasha, kwenye droo ya picha za paspoti ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua.